Hema Juu ya Sima Nyekundu

Jumatatu, 7 Julai

Makaa mabichi tena. Nimepuliza babula, jiko langu la makaa, mpaka macho yakatoka machozi. Chapati za kwanza zikaungua. Watu wa asubuhi wakapita wakaenda kula mandazi ya Mama Riziki. Nimeanza wiki na hasira.

Zuhura alirudi jana kutoka Rusizi, ku muto wa viboko. Mikono yote imeumwa na mbu, viatu vimejaa tope, na anacheka. Anacheka! Anasema waliona kiboko na mutoto wake, mudogo kama kiti. Wageni walipiga picha mpaka simu zikazimika. Mi namuangalia tu.

Huyu ni mutoto wangu wa kwanza. Amesoma, amemaliza, na kazi aliyopata ni hiyo. Kupeleka wageni kuangalia wanyama, kuwahudumia, kulala nao kule mu hema. Mutoto wa kike. Hema ni nini? Ni nguo. Nguo na zipu. Mi hata mulango wa mbao naufunga kwa komeo na naweka meza nyuma yake.

Nilimuambia baba yake aongee naye. Baba Zuhura anatengeneza mashine za kushona pale barabarani, Cibitoke yote inamujua. Kwake kila kitu duniani kina skurubu, ukikaza kinatulia. Akasema, muache mutoto, kazi ni kazi. Sikumupa chai.

Naandika kwa sababu nikiandika mudomo unapumzika. Shule niliacha mwaka wa nne wa primeri. Herufi zangu zinalala upande, lakini mi nazisoma.

Jumanne, 8 Julai

Mama Riziki leo mbele ya watu wote: "Mama Zuhura, ule mukwe wako kiboko anakuja kujitambulisha lini? Utuambie tupike bugari ya kutosha, ana mudomo mukubwa!" Watu wakacheka. Mi pia nikacheka. Yeye ni wa Uvira, watu wa kule hawajui kunyamaza, na ni rafiki yangu.

Nilipofika nyumbani nikapiga sufuria chini. Imebonyea.

Hawajui. Mi nilikaa Gatumba kabla ya maji ya mafuriko. Jirani yetu alitoka alfajiri kuchota maji, akakutana na kiboko njiani inarudi mutoni. Tulimuzika kipande. Tangu siku ile nikisikia neno kiboko naangalia kama mulango umefungwa. Zuhura alikuwa mudogo, alikuwepo, aliona watu wanalia. Kwa nini haogopi? Nani amemufundisha kutoogopa? Si mimi.

Jumatano, 9 Julai

Mupishi wao amekwenda Uvira ku msiba. Wageni wanakuja Ijumaa, watalala mpaka Jumapili. Zuhura akanisogelea wakati nasuka ukili, akaanza kunisaidia bila kuombwa. Nikajua kuna kitu. Patro wake wa kazi, Audace, anatafuta mama wa kupika. Zuhura akasema, "Mama, njoo we. Utaona kwa macho yako, utalala usingizi."

Nikasema apana.

Kisha nikafikiri. Nikienda, nitakuwa karibu yake. Kitu kikija, kitanikuta mi kwanza. Nikasema sawa.

Akafurahi, lakini si sana. Kama mutu aliyetaka kusema neno lingine, akalimeza. Nimeliona hilo. Nimemuzaa mi, najua uso wake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetwanga pilipili. Nimefunga sufuria, mwiko, kinu kidogo, kitenge cha kusalia. Baba Zuhura amenipa tochi. Akaiwasha akaizima mara mingi kuona kama inafanya kazi. Na yeye anaogopa. Vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Niko na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulitoka muchana. Esanse ya magari hakuna mu muji, watu wanatembea kwa miguu barabarani, lakini gari ya Audace iko na esanse. Tukapita Gatumba soko. Nikafurahi kidogo, niliona wanawake wa kitambo, nikapunga mukono. Kisha sheforo wa gari akaacha barabara, akaingia kushoto. Nikasema moyoni, kwa nini tunaingia huku? Huku ni kwetu.

Huku ni kwetu.

Hakuna nyumba hata moja. Zetu zilikuwa za matofali ya udongo, maji yalikaa ndani yake, zikayeyuka kama sukari. Kumebaki majani, matete, na majani mafupi mazuri kama yamekatwa na mashine. Juu ya majani yale hema. Kijani, safi, zimepangwa. Na chini ya hema moja, inatokea mbele yake, sakafu ya sima nyekundu.

Sima yangu. Niliipaka rangi mi mwenyewe, nikaisugua na mushumaa kila Ijumaa mpaka watoto wanateleza. Ile alama ya pembeni ni pale Zuhura alipokanyaga kabla haijakauka, kiguu cha mutoto wa miaka mitatu. Bado iko. Hema imesimama juu ya chumba changu cha kulala. Juu ya jikoni yangu wameweka meza ya kunywea bia.

Niliuliza Zuhura: ulijua? Akaangalia chini. "Nilitaka kukuambia, mama. Sikujua nianzie wapi." Anakuja hapa tangu Machi. Anasimama juu ya kiguu chake mwenyewe akionyesha wageni wanyama. Anarudi nyumbani, anakula chapati yangu, hasemi.

Sisi tuliambiwa musirudi, ni hatari, maji yatapanda tena, viboko zimechukua. Tukatii. Tukabeba magodoro kichwani mpaka Cibitoke, tukapanga chumba kimoja. Sasa hatari hiyo hiyo wanaiuza kwa wageni, na blanketi juu.

Na wageni wenyewe ni nani? Bwana mumoja na bibi yake, wa Kibenga! Kule Kibenga viboko zinatoka ziwani usiku zinakula maua yao bure. Wamelipa kuja kuangalia huku. Na kuna mumama muzungu muzee, mwembamba, mwenye jumele za kuangalia mbali shingoni. Huyo akaniambia kwa Kifaransa mahali hapa ni pazuri sana, pametulia. Nikamujibu ndiyo, madamu. Kifaransa changu ni hicho tu. Ningekuwa nacho kingine ningemuambia kwa nini pametulia.

Audace akatoa sheria. Takataka zote mu mufuko, mufuko mu gari, gari inafungwa mpaka irudi muji. Hata ganda la ndizi lisibaki chini, wanyama wananusa. Zuhura ndiye muchungaji wa sheria hiyo. Nikasema nimesikia.

Jioni viboko zilitoka. Wageni walikaa mbali, nyuma ya gari, kimya, Zuhura mbele yao anaongea polepole. Kwanza masikio tu juu ya maji. Kisha mugongo, kisha mugongo mwingine, maji yanateleza juu yake na jua linaiwasha. Mutoto alikuwa anapanda juu ya mama, anaanguka, anapanda tena. Mama anangoja. Zilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo iliyoniudhi kabisa.

Nimelala mu hema na Zuhura. Nimemupa mugongo. Nimeweka sufuria mbele ya zipu.

Jumapili, 13 Julai

Jana sikuweza kuandika.

Naandika pole pole ili iwe sawa.

Jumamosi muchana nilipika ndizi na samaki wa mukeke, na kabeji, na nikakata pasteke mbili, yale matikiti maji, kwa ajili ya wageni. Nilikaa pale pale nilipokuwa nakaa zamani, mugongo ku kivuli. Nilikuwa na hasira yangu na nilikuwa namenya. Zuhura alikuja akanisaidia kidogo, akaanza kuongea, eti unakumbuka ile mbuzi nyeupe iliyokula kitambaa cha shule. Nikakataa kucheka. Kisha nikacheka. Tukacheka wote wawili mpaka yule mumama muzungu akacheka na yeye bila kujua tunacheka nini. Ilikuwa kama nyumbani. Ilikuwa ni nyumbani.

Zuhura akaitwa na Audace kupeleka watu kuona ndege. Mi nikamaliza. Nikachukua karai ya maganda, ndizi, majani ya kabeji, pasteke, yote, nikainuka, nikazunguka nyuma ya jikoni, nikamwaga. Pale penye mbuzi zangu.

Hakuna mbuzi. Zilikwenda na maji. Hakuna ukuta, hakuna kamba, hakuna kigingi. Na mi nikamwaga, nikapiga chini ya karai kwa kiganja ili zije, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu ya ndoa. Nikarudi nikaosha mikono. Sikuona kitu kibaya. Mukono ulikwenda peke yake na kichwa kilikuwa kinafikiri namna ya kumugombeza Zuhura vizuri.

Magharibi nikatandika kitenge juu ya sima, pembeni kwenye kile kiguu, nikasali. Wageni walikuwa wamerudi. Bwana wa Kibenga na bibi yake ku moto. Mumama muzungu ndani ya hema yake anabadilisha viatu. Kabla sijatoa salamu ya mwisho nikasikia kutafuna. Nyuma ya jikoni. Kutafuna polepole, kwa nguvu, na harufu ya pasteke.

Nilijua kabla sijageuka.

Kiboko nyuma, maji mbele, na katikati hema na watu. Zuhura aliona pale pale. Hakupiga kelele. Akanionyesha kwa kiganja, gari, akaonyesha wengine, gari. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kubembeleza, kama ya kulaza mutoto. Tukaanza kurudi nyuma. Ingemaliza kula ingeondoka. Lakini yule bwana wa Kibenga akataka picha. Akawasha taa ya simu.

Kiboko ikageuka na kukimbia ku maji. Haikuzunguka hema ya mumama muzungu, ilipita ndani yake. Sijawahi kuona kitu kizito kikimbie vile. Hema ikaenda nayo kama nguo ya kufulia. Na mutoto wangu alikuwa ameshakimbilia kule, amepasua hema kwa nyuma, amemutoa yule mumama kwa kwapa, wote wawili wako chini mu majani. Mi nilikuwa naita jina lake.

Wazima. Al-hamdulillah. Mumama amepoteza kiatu. Zuhura mukono umechubuka kutoka kiwiko mpaka kidole.

Audace alikuwa mweupe mudomoni. Alizunguka na tochi nyuma ya jikoni akaona. Akarudi. Akauliza, nani amemwaga maganda?

Nikafungua mudomo. Wallahi niliufungua. Zuhura akasema kabla yangu: "Ni mi, patro. Nilisahau mufuko."

Akaniangalia mara moja. Nikafunga mudomo.

Audace akasema hapo hapo mbele ya watu, basi Jumatatu usije, na usije tena. Mi siwezi kufanya kazi na mutu ambaye ataniulia wageni. Zuhura akasema sawa.

Na mi, mama yake, nilisimama juu ya sima yangu na karai karibu na miguu. Kitu nilichoomba wiki zote hizi nilikuwa nimekipata. Atalala nyumbani. Mulango na komeo na meza. Sitahangaika tena. Nilikuwa nangoja kufurahi. Haikuja.

Leo tumerudi. Baba Zuhura amemufunga mukono kwa kitambaa safi, ameuliza mashine gani imekukata. Zuhura amelala na uso ku ukuta. Nimempelekea uji. Nikamuuliza, kwa nini ulisema ni we? Alivuta shuka. Kisha: "Ulikuwa kwako, mama. Mutu akiwa kwake anapelekea mbuzi wake maganda. Ningemuambia nini patro?"

Uji umepoa. Hakunywa.

Niliwakasirikia wote. Audace, wageni, maji, bwana yangu, kiboko. Na ni mi niliyeita kiboko. Niliiita na karai.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuuza chapati. Nimekwenda Kibenga kwa Audace. Basi hakuna, nimetembea kutoka kaskazini mpaka kusini ya muji na viatu vya plastiki. Malengelenge yamepasuka. Njia yote nilikuwa najisemea maneno, watu wakanipisha wakidhani mi kichaa.

Nyumba yake iko karibu na ziwa. Mulinzi alinikalisha nje. Mu bustani kuna nyayo kubwa za mviringo, zimekanyaga maua yote. Hata hapa! Nikacheka peke yangu. Mulinzi hakupenda.

Audace alikuja na kikombe mukononi. Nikasimama. Nikamuambia yote. Maganda, mbuzi, sima, kiguu cha Zuhura. Nikamuambia hema yako ya kwanza iko juu ya kitanda changu. Alikuwa hajui. Nadhani kweli hajui, alikunja uso kama mutu anayetafuta kitu mu mufuko.

Kisha akasema, mama, hiyo ni mbaya zaidi. Muongozaji anayedanganya ni hatari kuliko kiboko.

Hapo nikawaka. Nilisema: alidanganya kwa sababu mi ni mama yake. We ulizaliwa na nani, ku gari? Yule mumama muzungu yuko hai kwa mikono ya nani? Bwana wa simu ulimufukuza? Apana, ulimupa soda! Nililia. Sikutaka kulia, hasira yangu imeshazoea njia hiyo.

Alikunywa kidogo. Akaniambia yule mumama amemupigia simu asubuhi kumuulizia Zuhura. Akasema atafikiri. Kisha akaongeza: "Lakini we, mama, usikanyage tena kule."

Kule ni kwangu. Ananikataza kwangu, na kikombe mukononi.

Nilitaka kukipiga kile kikombe. Nikawaza mukono wa Zuhura ulivyochubuka. Nikasema, sawa, sikanyagi. Lakini yeye arudi. Na ile hema muisogeze. Mukitaka kuweka hema wekeni ku majani, kule kuna nafasi mingi, watu wote wameondoka. Juu ya sima apana.

Akamuita mulinzi anifungulie mulango. Nimerudi kwa miguu.

Jumanne, 15 Julai

Simu ya Audace hakuna. Zuhura anafua nguo ambazo ni safi. Nimemugombeza kwa sababu ya sabuni. Kisha nikamuambia nilikokwenda jana. Alisimama na shati inatoka maji. Akasema, "Mama! Kwa miguu?" Ni hiyo tu aliyouliza.

Baba Zuhura amesikia yote kutoka chumbani. Ameleta mafuta ya kupaka miguu, akayaweka karibu yangu, akarudi ku mashine zake.

Jumatano, 16 Julai

Audace amepiga. Arudi Ijumaa. Wageni wapya. Atakuwa anaangaliwa, alisema, na kosa moja tu. Habari ya hema hakusema.

Zuhura aliruka akagonga kichwa ku dirisha. Mi nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa.  Ni mi niliyekwenda kuomba. Ni mi niliyemurudisha kule. Kiboko ikimukanyaga kesho nitamulaumu nani?

Mama Riziki akanikuta pale.  Akanipa mandazi mbili za moto, akasema kula, mukwe amekubali. Nikamutukana. Nikala.

Ijumaa, 18 Julai

Amekwenda asubuhi. Nilimufungia zipu ya mukoba, akaniacha niifunge ingawa ilikuwa imefungwa. Nimempa tochi ya baba yake.

Makaa leo ni makavu. Chapati zimeisha kabla ya saa sita.

Mchana nimemenya ndizi. Nimekusanya maganda mu mufuko, nikafunga, nikapelekea Mama Riziki kwa ajili ya mbuzi wake. Mikono ilitaka kwenda kwingine. Niliiangalia.

Magharibi nimesali chumbani. Nilipomaliza simu ikalia. Zuhura, ananong'ona. Wageni wote wako nyuma ya gari, alisema, na hema zote ziko kule ku majani, mbali. Kiboko imetoka na mutoto wake. Imefika kwetu. Imesimama juu ya sima, inakula majani yaliyoota mu nyufa.

Nikamuuliza, imesimama upande gani, wa chumba ao wa jikoni?

Akaangalia vizuri. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake vyura.

"Wa jikoni, mama."

Nikamuambia aiache imalize kula. Asisogee.

Kisha nikaweka simu karibu na babula, nikageuza chapati.